Mshipi wa kolekole haufai Mto Chania

Ndugu zetu wa pwani wanaoishi Thika na Ruiru huenda mtoni na mshipi uleule wa kolekole, kisha wakalalamika kuwa chambo cha bandia hakifiki mbali. Rili ya ngoma huzungushwa na uzito wa chambo kinaporuka. Kikiwa cha gramu 5, mshipi hujifunga mafundo. Chukua rili ambayo bobini yake haizunguki unaporusha, na nailoni nyembamba ya kilo 2 au 3. Chania ya juu, kule Aberdare, maji ni maangavu na trauti huuona mshipi mnene.

Kambare ni habari nyingine (na minofu huipenda kuliko bandia). Hukimbilia mizizini, mtilie mshipi wa kusuka, usiovutika, lakini karibu na ndoana unga nailoni nene, maana mawe hukata nyuzi.