Mtoto akisema mkono umekuwa mzito, usimwite mvivu

Mtoto wa miaka 9 anatoka bombani na ndoo ya lita 10. Hatua za kwanza anatembea vizuri. Katikati ya njia anasimama, anaitua, anakunja na kukunjua vidole, kisha analalamika kwamba ndoo imekuwa nzito. Mama anamjibu kutoka mlangoni: "Ndoo ni ile ile, maji ni yale yale. Acha uvivu!"

Kuhusu ndoo, mama yuko sahihi. Kuhusu mkono, mtoto naye yuko sahihi.

Ubongo haupimi uzito kama mizani ya dukani. Hupokea taarifa kutoka kwenye misuli na kano, lakini vilevile huangalia amri yake wenyewe: nimeagiza nguvu kiasi gani ili kitu hiki kinyanyuke? Amri ikiwa kubwa, mzigo huhisiwa mzito, hata kama haukuongezeka gramu moja.

Hapo ndipo damu inapoingia. Msuli unaokaza kwa muda mrefu bila kulegea hubana mishipa ya damu iliyomo ndani yake. Oksijeni inayofika hupungua, na taka zinazotokana na kazi ya msuli hazisombwi kwa kasi inayotakiwa. Msuli huchoka, hivyo ubongo hulazimika kuagiza nguvu zaidi ili kushikilia mzigo ule ule. Wakati huohuo ncha za mishipa ya fahamu ndani ya msuli hupeleka habari za kuungua na maumivu. Kwa mtoto, vyote hivyo huwa neno moja: nzito.

Mwaka 1974 watafiti wa Australia, akiwamo D. I. McCloskey, walichapisha majaribio ya jambo hili. Mtu alishikilia uzito kwa mkono mmoja, kisha akatakiwa kuchagua uzito unaolingana nao kwa mkono wa pili. Kadiri mkono wa kwanza ulivyochoka, ndivyo alivyochagua uzito mkubwa zaidi kwa mkono wa pili, akiamini kwamba ni sawasawa.

Jaribio kama hilo linawezekana sebuleni. Chukua chupa mbili za maji za lita 1.5, zote zimejaa. Mtoto anyooshe mkono mmoja mbele akiwa ameshika chupa moja mpaka aseme amechoka. Bila kuishusha, ashike ya pili kwa mkono mwingine, halafu mwulize ipi nzito. Wengi hutaja ile ya kwanza. Usimfunge kamba wala mpira mkononi ili "kuongeza ladha" ya jaribio. Chupa inatosha.

Kwa hiyo mtoto anayetua ndoo kila baada ya hatua kadhaa anafanya jambo la maana. Kwa muda ule mfupi misuli inalegea na damu inarudi. Kubadilisha mkono husaidia, na hata kuzungushia kitambaa kwenye waya wa ndoo ili usikate vidole husaidia. Anayemfokea asitue anamtaka abebe kwa misuli isiyopata damu ya kutosha, na mara nyingi matokeo yake ni maji kumwagika mlangoni.

Wapo wanaobana damu kwa makusudi. Mwaka 1966 kijana wa Kijapani, Yoshiaki Sato, alikaa muda mrefu kwenye ibada ya kumbukumbu ya marehemu, amepiga magoti na kukalia visigino. Miguu ilipokufa ganzi, alihisi misuli imejaa kama aliyetoka kwenye mazoezi mazito. Kutokana na wazo hilo alibuni mazoezi ya kufunga mkanda maalumu juu ya mkono au mguu na kunyanyua uzito mdogo. Leo wataalamu wa tiba ya viungo hutumia njia ya aina hiyo kwa baadhi ya wagonjwa wasioweza kunyanyua vitu vizito, kwa mfano baada ya upasuaji wa goti. Kwa kawaida uzito huwa asilimia 20 hadi 30 tu ya uwezo wa mtu, lakini yeye huuhisi mkubwa zaidi.

Tatizo ni vijana wanaoona video kwenye simu kisha wanajifunga mipira chumbani. Mkanda wa mtaalamu hupimwa mbano na hufunguliwa kwa wakati. Mpira wa tyubu ya baiskeli haupimwi na mtu. Mzazi akiukuta, aunyang'anye.

Kuna mbano mwingine ambao haukutafutwa na mtu, nao ndio wa kuogopa. Mtoto ameanguka kutoka kwenye mwembe, mfupa umevunjika juu kidogo ya kiwiko, amefungwa hogo, au POP kama wengi wanavyoliita. Au amepelekwa kwa mganga wa mifupa na kufungwa banzi kwa vitambaa vilivyokazwa. Mkono unavimba, lakini kilichoufunga hakitanuki. Usiku mtoto analia kwamba mkono mzito, unabana, unauma kuliko ulipovunjika.

Uzito wa ndoo hupita ndani ya dakika chache ndoo ikituliwa. Hogo halituliwi.

Mwaka 1881 daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Richard von Volkmann, alieleza mikono iliyopinda na kukakamaa baada ya kufungwa bandeji zilizobana mno. Misuli ilikuwa imekosa damu ikafa. Ulemavu huo unaitwa kwa jina lake mpaka leo, na bado unawapata watoto. Msuli uliokosa damu kabisa huanza kuharibika moja kwa moja ndani ya saa chache. Kungoja kupambazuke kunaweza kugharimu mkono.

Mzazi aangalie vidole. Akikinyoosha kidole kimoja taratibu na mtoto akapiga kelele, au dawa ya maumivu haisaidii kama ilivyosaidia mchana, hiyo ni hatari. Ni hatari pia vidole vikiwa baridi, vimepauka, vimekufa ganzi au havichezi. Abonyeze ukucha mpaka uwe mweupe, kisha auachie: rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde 2 hivi. Lakini rangi ikirudi huku maumivu yanazidi, asitulie. Maumivu hutangulia dalili nyingine.

Vitambaa vya banzi vilegezwe hapo hapo. Hogo lisikatwe kwa kisu nyumbani. Mtoto apelekwe hospitali usiku huohuo, na mzazi akifika mapokezi aseme waziwazi: "Hogo linabana, na maumivu yanazidi."