Mtambo Mkubwa wa Stirio: Mali au Mzigo?

Huenda umeachiwa na mjomba wako mtambo wa stirio wa miaka ya 1970: kasha la mbao, uso wa aluminiamu inayong'aa, vifundo vingi vya kuzungusha, na mishale nyuma ya kioo ambayo hucheza kila muziki unapolia. Au huenda fundi redio wa mtaani kwenu anakuuzia mmoja kwa fedha zinazotosha kulipa kodi ya nyumba ya miezi kadhaa. Watoto wanaushangilia, mama watoto anauliza utawekwa wapi. Kabla hamjakata shauri, yafaa myafahamu mambo machache.

Mtambo wa aina hii ni vyombo viwili katika kasha moja: redio inayonasa mawimbi, na kikuza sauti kinachoendesha spika. Ukubwa wake una historia. Mwaka 1974, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitoa kanuni juu ya matangazo ya vikuza sauti. Kabla ya hapo, baadhi ya watengenezaji walitangaza wati nyingi ambazo mtambo uliweza kuzitoa kwa kufumba na kufumbua tu. Kanuni hiyo iliwalazimisha kutaja nguvu inayotoka mfululizo, baada ya mtambo kufanyishwa kazi kwanza hata ukapata moto. Basi aliyetaka kujivunia wati nyingi ilimpasa kuzitia kweli, kwa chuma na kwa shaba.

Makampuni ya Japani yaliingia katika mashindano hayo kwa nguvu zote. Pioneer ilitoa SX-1250 mwaka 1976, yenye wati 160 kwa kila upande. Na mwaka 1978 ikatoa SX-1980, yenye wati 270 kwa kila upande na uzito wa kilo zipatazo 35. Uzito huo ni zaidi ya nusu ya mfuko wa saruji wa kilo 50.

Je, kilo hizo zinatoka wapi? Kwanza ni transfoma, yaani kiini cha chuma kilichozungushiwa waya wa shaba. Pili ni kapasita kubwa mfano wa makopo, ziwekazo akiba ya umeme. Tatu ni vipande vya aluminiamu vyenye mapezi ya kutolea joto. Vikuza sauti vingi vya siku hizi huwasha na kuzima umeme mara maelfu mengi kwa sekunde. Kwa hiyo hutoa joto dogo, na havihitaji chuma kingi.

Lakini usidhani kwamba wati nyingi ndio uzuri wa sauti. Sikio la binadamu lina hesabu yake. Ukiongeza wati maradufu, tofauti utakayoisikia ni ndogo. Ili sauti ionekane kuwa kubwa mara mbili, huhitaji wati kama mara 10. Kwa sebule ya kawaida, wati 20 au 30 zatosha kabisa, hata jirani atashukuru. Mitambo midogo ya miaka hiyo hiyo hubebeka na mtu mmoja, nayo hutengenezeka kwa urahisi zaidi.

Ukiamua kuununua, tazama kwanza maandishi ya nyuma. Mtambo uliotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia volti 120, na wa Japani volti 100. Ukiuchomeka katika umeme wetu wa volti 230 utaungua. Baadhi una swichi ya kuchagulia volti. Usio nayo wahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo unaozidi matumizi ya mtambo wenyewe. Aidha, redio ya FM ya soko la Japani ilianzia megahezi 76 na kuishia 90, hivyo haitanasa sehemu kubwa ya stesheni zetu.

Pili, usiuwashe kwa pupa mtambo uliolala kabatini miaka mingi. Kapasita huchakaa kwa umri. Mwite fundi aukague, naye apime kama kuna mkondo mnyoofu unaovuja kwenda kwenye spika, kwani huo huziunguza. Bei ya matengenezo iingizwe katika hesabu tangu mwanzo, maana mara nyingi huwa kubwa kuliko mnunuzi alivyodhani.

Tatu, na hili ni kubwa kuliko yote, linda watoto. Kapasita zaweza kubaki na umeme wa hatari hata baada ya plagi kuchomolewa. Asifungue kasha mtu asiye fundi. Uweke mtambo juu ya meza imara, chini kadiri iwezekanavyo, kwa sababu kilo 35 zikimwangukia mtoto ni msiba. Na vile vitambaa vizuri vya kufuma, tafadhali visitandikwe juu yake, kwani huziba matundu ya kutolea joto.

Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Mitambo hii iliundwa kwa ustadi, na inayotunzwa ingali inaimba baada ya miaka zaidi ya 40. Kaeni basi, baba na mama, mkapige hesabu ya bei, ya fundi na ya transfoma. Kama jumla hiyo haigusi chakula wala ada ya shule, mkaribisheni mgeni huyo mzito nyumbani. Kama inagusa, mwacheni apite. Muziki husikika hata katika redio ndogo.