Faharasa Kwanza, Kompyuta Mpya Baadaye

Chama cha ushirika kinapoweka hesabu za wanachama katika tovuti, siku ya malipo ndiyo siku ya mtihani. Mamia ya wakulima hutaka kuona hesabu zao kwa saa ileile, na kurasa huanza kusuasua. Shauri linalotolewa upesi katika kamati ni kununua kompyuta kubwa zaidi. Shauri hilo hutumia fedha za wanachama, na mara nyingi haligusi kiini cha tatizo.

Kiini hicho ni namna kumbukumbu zinavyotafutwa. Tuseme jedwali la mapokezi ya mazao lina mistari 1,000,000. Mwanachama nambari 4057 akitaka kuona mizigo aliyoleta, na jedwali halina faharasa ya nambari za wanachama, hifadhidata hulazimika kusoma mistari yote, mfano wa karani apekuaye leja nzima kwa ajili ya jina moja. Wakiuliza watu 300, leja hupekuliwa mara 300.

Faharasa huondoa taabu hiyo. Muundo wake unaotumika sana, uitwao B-tree, ulibuniwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight katika maabara ya Boeing, Marekani, na makala yao ikachapishwa mwaka 1972. Nambari hupangwa kwa mfuatano katika kurasa zenye ngazi. Ikiwa kila ukurasa una maelekezo 100, ngazi tatu zatosha kuufikia mstari wowote kati ya hiyo 1,000,000.

Hata hivyo, faharasa ina gharama yake. Kila mzigo mpya unapoandikwa, faharasa zote za jedwali hilo nazo hazina budi kuandikwa. Kwa hiyo ziwekewe safu zinazotumika kutafutia tu. Aidha, mpangilio una maana: faharasa ya nambari ya mwanachama kisha tarehe humfaa atafutaye kwa nambari, lakini haimsaidii sana atafutaye kwa tarehe peke yake.

Kabla ya kupitisha fedha, kamati imtake fundi wake ajibu kwa maandishi mambo matatu:

1. Ni maulizo gani ya hifadhidata yanayochukua muda mrefu?
2. Amri ya EXPLAIN, iliyomo katika PostgreSQL na MySQL, inaonyesha kwamba jedwali kubwa linasomwa lote?
3. Je, ukurasa mmoja wa tovuti unapeleka maulizo mia mahali ambapo moja lingetosha?

Yakisharekebishwa hayo na kasi ikapimwa tena siku ya malipo, ndipo kamati itakapojua kama kompyuta mpya inahitajika kweli.