Trufi za chokoleti nyeupe na chungwa zisizohitaji oveni

TRUFI, yaani vitufe laini vya chokoleti na krimu, huweza kutengenezwa nyumbani bila oveni. Hata hivyo, chokoleti nyeupe ni ghali na haivumilii makosa. Ikiwekwa moja kwa moja kwenye moto huungua upesi, kwa sababu ina maziwa na sukari nyingi. Hivyo, krimu ndiyo hupashwa moto, nayo huiyeyusha chokoleti.

Mahitaji ni chokoleti nyeupe gramu 300, krimu nzito mililita 100, siagi kijiko kimoja cha chakula, machungwa mawili na sukari ya unga. Mnunuzi asome lebo: chokoleti nyeupe halisi ina mafuta ya kakao.

Machungwa huoshwa na kukaushwa, kisha ganda la juu pekee hukwaruzwa. Utando mweupe ulio chini yake ni mchungu. Maji ya chungwa hayatumiki, kwani huufanya mchanganyiko uwe mwepesi na usigande.

Ganda hilo hupashwa moto pamoja na krimu na siagi hadi mapovu yaanze kutokea pembeni, kisha humiminwa juu ya chokoleti iliyokatwakatwa. Baada ya dakika tatu hukorogwa taratibu hadi ilainike.

Mchanganyiko huwekwa kwenye jokofu kwa saa tatu, huchotwa kwa kijiko cha chai, huviringwa haraka kabla joto la viganja halijauyeyusha, na kugaragazwa kwenye sukari. Kwa kuwa zina krimu, trufi hizo zihifadhiwe kwenye jokofu na kuliwa ndani ya wiki moja.