Kalpaini

Kalpaini ni kundi la vimeng'enya vinavyokata protini ndani ya seli pale kiasi cha kalsiamu (kalisi) kinapopanda. Hupatikana katika mwili wa binadamu na wanyama, na kwa sura tofauti hata katika vimelea vya seli moja vinavyosababisha malaria na malale. Vimeng'enya vya tumboni huvunjavunja protini za chakula mpaka zinakuwa vipande vidogo sana. Kalpaini hukata protini mahali pamoja au pachache tu. Vipande vinavyobaki mara nyingi huendelea kufanya kazi, lakini kazi nyingine. Kwa sababu hiyo kalpaini huhesabiwa kati ya vimeng'enya vinavyoongoza ukuaji wa seli, si kati ya vile vinavyosafisha taka zake.

== Jina ==

Kimeng'enya hiki kilielezwa mara ya kwanza na Gordon Guroff mwaka 1964, alipokuwa akichunguza ubongo wa panya. Jina lilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa pendekezo la mwanabiokemia Mjapani Takashi Murachi. Nusu ya kwanza inatokana na kalsiamu, nusu ya pili na papaini, yaani kimeng'enya kilichomo katika utomvu wa papai bichi. Mpishi anayepaka papai bichi kwenye nyama ya mishkaki ili ilainike anatumia papaini, hata kama hajui jina lake. Vyote viwili hukata kwa kutumia asidi amino iitwayo sisteini, ila papaini haihitaji kalsiamu.

Kalpaini nayo hulainisha nyama. Baada ya mnyama kuchinjwa, kalsiamu huvuja ndani ya misuli na kalpaini huanza kukata protini zake polepole. Ng'ombe wenye nundu huwa na kizuizi kingi zaidi cha kimeng'enya hiki, na hiyo ni sababu mojawapo ya nyama yao kuwa ngumu kuliko ya aina nyingi za ng'ombe wa Ulaya.

== Utendaji ==

Binadamu ana jeni 15 za kalpaini. Zilizochunguzwa zaidi ni kalpaini-1 na kalpaini-2. Kila moja huwa na sehemu kubwa inayokata na sehemu ndogo inayoisaidia.

Katika seli iliyotulia, kalsiamu ni kidogo mara 10,000 hivi kuliko nje ya seli. Ishara inapofika, milango midogo kwenye utando hufunguka na kalsiamu huingia. Inaposhikana na kalpaini, umbo la kimeng'enya hubadilika na pande mbili za mahali pa kukatia husogeleana. Kalsiamu ikitolewa nje tena, kazi husimama. Pamoja na hayo, seli ina protini ya kuzuia iitwayo kalpastatini. Molekuli moja yake inaweza kufunga kalpaini nne.

Ulinzi huo una sababu. Mtu anapopata kiharusi, kalsiamu hufurika ndani ya seli za ubongo zilizokosa oksijeni, na kalpaini hukata ovyo mpaka seli zinakufa.

== Kazi katika ukuaji wa seli ==

Seli inayotaka kusogea au kugawanyika lazima kwanza iachie mahali iliposhikilia. Protini iitwayo talini hufunga kiunzi cha ndani cha seli na vishikio vya utando wake. Kalpaini inapokata talini, kishikio hulegea na seli inaweza kuendelea. Kimeng'enya hiki pia hukata spektrini, protini inayotegemeza utando kwa ndani.

Majaribio ya panya yameonyesha uzito wa kazi hiyo. Viinitete vilivyokosa sehemu ndogo ya kalpaini vilikufa tumboni kabla ya nusu ya pili ya mimba kwenda mbali, ilhali panya waliokosa kalpaini-1 peke yake waliishi. Kwa binadamu, kasoro katika jeni ya kalpaini-3 husababisha aina ya ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli ya nyonga na mabega, jambo lililogunduliwa mwaka 1995.

== Kalpaini na malaria ==

Uchunguzi wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba Mkoa wa Kigoma ndio uliokuwa na maambukizi mengi kuliko mikoa yote ya Tanzania: takriban 24% ya watoto wa chini ya miaka 5 waliopimwa walikuwa na vimelea. Katika nyanda za juu za mkoa huo, kuanzia Kasulu na Kibondo hadi kata ya Nyabibuye (iliyokuwa Kibondo, sasa wilaya ya Kakonko), homa ya mtoto hufuata ukuaji wa kimelea Plasmodium falciparum ndani ya seli nyekundu za damu. Kila mzunguko huchukua saa 48 hivi.

Kalpaini huingia katika mzunguko huo mara mbili. Ya kwanza ni ya kimelea chenyewe. P. falciparum ana jeni moja tu ya kalpaini, na utafiti uliotangazwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba hawezi kuishi bila jeni hiyo. Kiasi chake kilipopunguzwa, kimelea kilichelewa katika hatua ya awali, ile ambayo kwenye hadubini huonekana kama pete, kabla ya kunakili DNA yake.

Ya pili ni ya mgonjwa. Mwaka huohuo 2009 watafiti wengine walionyesha kwamba vimelea hutumia kalpaini-1 iliyomo katika seli nyekundu ili kutoka. Katika seli zilizoondolewa kimeng'enya hicho, vimelea viliingia na kukomaa kama kawaida, lakini vingi vilibaki vimefungiwa ndani. Kalpaini iliporudishwa, vilitoka. Kwa maneno mengine, kimelea humtumia mwenye nyumba kubomoa ukuta wa nyumba yake.

Kati ya hizo mbili, ya kimelea inaelekea kuwa shabaha bora kwa dawa. Ni ya tawi lisilopatikana kwa binadamu, kwa hiyo inawezekana kutafuta kemikali itakayoifunga bila kugusa kalpaini za mgonjwa. Kuzuia kalpaini-1 ya mtu kunahitaji tahadhari zaidi, kwa kuwa ina kazi zake katika mwili, ikiwa ni pamoja na kuganda kwa damu. Hadi sasa hakuna dawa ya malaria inayotumika ambayo hulenga kalpaini. Tiba ya kawaida ni dawa mseto.

== Jamaa wasiokata ==

Kasulu na Kibondo zinajulikana pia kwa malale, yanayoenezwa na mbung'o. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwakusanya watu wa Buha katika makazi mapya ili kuwaweka mbali na mapori ya mdudu huyo.

Kimelea cha malale, Trypanosoma brucei, kina protini kadhaa za ukoo wa kalpaini, lakini nyingi zimepoteza asidi amino za kukatia. Mojawapo, CAP5.5, hukaa kwenye kiunzi kilicho chini ya utando. Ilipozimwa katika maabara, kimelea kilipoteza umbo, viungo vyake vya ndani vilikaa mahali pasipo pake, na mgawanyiko ukazaa baadhi ya seli zisizo na kiini. Protini hiyo haikati kitu, wala haijulikani kuhitaji makali ili kufanya kazi yake.