Kwa nini mashabiki wa Taylor Swift hushangilia akikosea jukwaani

Juni 30, 2024, uwanja wa Aviva mjini Dublin. Kijukwaa kilichompandisha Taylor Swift juu kikagoma kushuka. Akabaki amekwama huko, hadi mmoja wa wacheza shoo wake alipokwenda kumshika mkono na kumsaidia kuteremka. Haikuchukua muda, klipu zilikuwa mitandaoni na mashabiki wanacheka.

Utani huo una jina kabisa. Ziara yake iliitwa The Eras Tour, yaani ziara ya zama zake zote za muziki. Mashabiki wakaigeuza kuwa The Errors Tour, ziara ya makosa. Kwa Kiingereza maneno hayo mawili yanakaribiana sana kwa sauti.

Na mikasa ya kutania ilikuwepo. Chicago, Juni 2023, alimeza mdudu katikati ya shoo, akakohoa, kisha akawatania watu kwamba ni mtamu. Mwaka uliofuata, Wembley jijini London, akameza mwingine akiimba ule wimbo wake wa dakika 10, ikabidi aombe radhi na kuwaachia mashabiki waimbe. Rio de Janeiro kisigino cha buti kilikatika, akakirushia umati na kuendelea kucheza kwa ncha ya mguu. Foxborough, baada ya usiku wa mvua kubwa, piano ilianza kutoa noti zenyewe bila kuguswa. Akachukua gitaa.

Wadudu wala si ajabu. Uwanja uko wazi, ni usiku, na taa kali kuliko zote zinamwangazia mtu mmoja ambaye kazi yake ni kufungua mdomo na kuvuta pumzi ndefu. Fanya hivyo kwa zaidi ya saa 3, nyimbo zaidi ya 40, shoo 149 kuanzia Machi 2023 hadi Desemba 2024. Utameza tu.

Lakini kwa nini shabiki afurahie? Sababu kubwa ni kwamba shoo yenyewe ilikuwa ileile. Taa, skrini, wachezaji na hata hatua zake vilipangwa kwa sekunde. Wengi walikuwa wameshaitazama mubashara kwenye simu mara kibao kabla ya kufika uwanjani, wanajua lini atabadili nguo na ataokea upande gani. Kosa ni kitu ambacho mji mwingine haukupata. Aliyekuwa Dublin ana la kusimulia.

Halafu kuna suala la pleibeki, ambalo mashabiki wa Bongo Fleva hawahitaji kuelezwa. Msanii anayekohoa mdudu katikati ya mstari, sauti ikakatika, huyo anaimba kweli. Klipu ya aina hiyo huwajibu wabishi kuliko maelezo marefu.

Swift mwenyewe aliuchochea utani huu. Kila usiku aliimba nyimbo za kushtukiza, mara nyingi peke yake na gitaa au piano, na mwanzoni mwa ziara alijiwekea sheria kwamba wimbo ukishaimbwa hataurudia, isipokuwa kama ameuharibu. Basi shabiki ambaye wimbo anaoupenda ulishaimbwa mji mwingine akawa na sababu ya kuomba uwe uliimbwa vibaya! Na hapo ndipo palipokuwa rahisi kusahau mashairi, maana nyimbo zilikuwa zinabadilika kila siku na hakuna mchezaji wala taa ya kumfichia.

Si kila mkasa ulikuwa wa kuchekesha, ingawa. Houston, Aprili 2023, mashabiki waliona ana jeraha mkononi wakaanza kuulizana. Baadaye aliandika kuwa alijikwaa kwenye pindo la gauni akikimbia gizani nyuma ya jukwaa kwenda kubadili nguo, akajizuia kwa kiganja. Nyuma ya jukwaa kuna giza, ngazi, matundu ya lifti na mtu anayekimbia akiwa na viatu virefu. Hata kile kijukwaa cha Dublin kilikuwa mashine iliyofeli ikiwa na mtu juu yake.

Ilikuwa shoo zaidi ya 100 tangu ziara ianze. Aliteremka, akaendelea na wimbo uliofuata.