Deni la Mlokole

Ukimsikia mtu Dar es Salaam au Mwanza akiitwa mlokole, jua neno hilo limesafiri kutoka Kampala. Ni la Kiganda: kulokoka ni kuokoka, na mulokole ni aliyeokoka. Siku hizi wengi hulitamka kwa kebehi, wakimkusudia mtu wa kukemea mavazi ya wenzake na kuomba kwa sauti usiku wa manane. Naishi Kampala mwaka wa tisa sasa, na kila nikilisikia likitumika hivyo naumia. Hapa lilikozaliwa, lilikuwa jina la watu waliochoka na dini ya kuonekana.

Nao walikuwa na sababu ya kuchoka. Wakristo wa mwanzo wa Buganda waliitwa abasomi, yaani wasomaji, na baadhi yao walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Imani iliwagharimu uhai. Haikupita miaka 15, mambo yakageuka: Mkataba wa Buganda wa 1900 uliwakuta wasomaji wale wale wameshika uchifu, nyadhifa zikigawanywa kwa madhehebu, Waprotestanti wakiwa na fungu kubwa, na ardhi ya kumiliki, iitwayo mailo, ikiwafuata wakubwa. Tangu hapo jina la ubatizo likawa ufunguo wa shule na wa kazi. Kanisani Jumapili kanzu ziling'aa, magauni ya gomesi yalijaza mabenchi, na aliyekaa mbele alijulikana kwa cheo chake. Nyumbani, hirizi ilibaki palepale juu ya mlango.

Septemba 1929, juu ya kilima cha Namirembe, Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mtumishi wa idara ya afya, alikutana na daktari Mwingereza, Joe Church, aliyefanya kazi Gahini nchini Rwanda. Walikaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba. Moto wa uamsho uliowaka Gahini na Kampala miaka iliyofuata ulienea hadi Bukoba, hadi Kabete, na neno mlokole likasafiri nao. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, mwalimu wa Gahini, alikuja Kampala Januari 1936 akiwa na maswali ya kuiuliza sinodi: kwa nini kanisa limepoa, na kwa nini watu wanaoishi dhambini waziwazi wanakaribishwa mezani pa Bwana? Aliugua na kufariki kabla ya kuyasikia majibu. Neno lake likabaki: zukuka, amka.

Watu hudhani ulokole ulikuwa kuimba wimbo wa Tukutendereza na kukumbatiana. Kuimba kulikuwepo, na kukumbatiana pia. Hata leo wazee wa uamsho hawasalimiani bila wimbo huo. Lakini kiini cha desturi yao kilikuwa ushirika wa wiki, kikao kidogo ambamo kila mtu aliliweka jambo lake nuruni. Kusema "mimi ni mwenye dhambi" hakukutosha, maana hilo kila mtu hulisema. Ulitaja ulichofanya, na ulimfanyia nani. Kisha ukaondoka kwenda kumtafuta huyo mtu. Walirudisha mali za waajiri. Walilipa madeni ambayo mdai mwenyewe alikwisha kuyasahau. Mume alimwomba mkewe radhi, jambo zito katika nyumba ya Kiganda ya wakati ule. Baadhi ya wamishenari Wazungu waliungama mbele ya Waafrika ambao wao wenyewe walikuwa wamewadharau, na hilo chini ya ukoloni lilikuwa tetemeko.

Uongozi wa kanisa haukufurahi. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono, William Nagenda akiwa mmoja wao, walifukuzwa. Walikuwa wakiamka alfajiri kuhubiri kinyume cha kanuni za chuo, na walikuwa wakiutaja waziwazi wizi na uzinzi walioona umezoeleka pale.

Sisemi walikuwa malaika. Ushuhuda nao ulitafuta makofi: wapo waliozipamba dhambi zao za zamani ili wokovu wao uonekane mkubwa zaidi. Ukali ukazaa hukumu, ndugu wakapimana kwa mitindo ya nywele, na miaka ya 1970 kundi lililojiita Bazukufu, waliozinduka upya, likajitenga likiwashutumu wenzao kwamba wamesinzia. Kila desturi ya kuvua kinyago yaweza kugeuka kinyago.

Kampala ya leo ina ibada kila kona. Wahubiri hupaza sauti katikati ya teksi mjini, na usiku wa tarehe 31 Desemba makumi ya maelfu hukesha kwenye viwanja vya michezo. Hayo hayanisumbui, furaha haina haja ya kunong'ona. Tena napenda sana mnada wa Jumapili nje ya makanisa ya Anglikana: mkungu wa matoke uliotolewa sadaka unainuliwa, mtu anaununua, anaurudisha ili uuzwe tena, watoto wanacheka, kuku amefungwa miguu anangoja zamu yake. Moyo unanisinyaa pale mheshimiwa anapokabidhiwa kipaza sauti, bahasha inafunguliwa mbele ya madhabahu, kiasi kinasomwa, na mjane aliyeleta mayai matatu kwenye kitambaa hatajwi. Wala simhukumu mtoaji. Nawauliza wanaokisoma kiasi hicho.

Mtaani kwetu yuko mama mmoja muuza maharage, mlokole wa zamani, hasemi sana. Jumatatu moja jioni alibisha hodi. Alikuwa na kikapu chenye vifuko vidogo vya plastiki, kila kimoja kimefungwa fundo. Aliketi kwenye ngazi, akatoa kopo lake la bati la kupimia, akaligeuza nione. Chini lilikuwa limebonyea kuelekea ndani, kiasi cha kidole gumba.

"Ssebo, liliniangukia wiki mbili zilizopita," alisema. "Siku ya kwanza sikujua. Siku zilizobaki nilijua."

Alinihesabia: nilikuwa nimenunua makopo manne. Akanipa kifuko. Nilimwambia ni maharage machache tu, yasahau. Alitikisa kichwa, akakiweka kifuko mkononi mwangu na kuvifunga vidole vyangu juu yake, kama afanyavyo mtu anapompa mtoto nauli. Nikamkaribisha chai. Alishukuru, akanyanyuka kwa kushika ukuta, akasema giza linaingia na bado ana nyumba sita.